"Unakaa wapi?": binti wa Mango Street na kidole cha mtawa

#1 BiTandale

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kubahatisha apumzike njiani.

Mwezi uliopita nilipita Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba chini, nikaokota The House on Mango Street cha Sandra Cisneros. Kijitabu chembamba, jalada limechanika, nikakichukua kwa sababu tu kinaingia kwenye mkoba. Mimi hufanya zamu ya usiku kaunta ya nyumba ya wageni, kwa hiyo nilikimaliza usiku uleule kati ya mteja wa saa nne na mteja wa saa nane. Nimeshakirudia mara tatu. Kuna kitu kimenikaa kooni.

Kwa ambao hawajakisoma: kilitoka 1984, kikachapwa na Arte Público, wachapaji wadogo wa Houston. Msimulizi ni Esperanza Cordero, binti wa familia ya Kimeksiko mjini Chicago, yuko kwenye umri ule wa kuanza kujitazama kwenye vioo vya madirisha ya maduka. Usitafute mkasa mmoja unaoanza hapa na kuishia pale. Ni vipande 44, vingine havijazi ukurasa, kama mtoto anayekusimulia mambo ya mtaani huku anaruka kamba. Kwao wako sita: baba, mama, kaka zake wawili, yeye na mdogo wake Nenny. Wamehamahama nyumba za kupanga, Paulina, Keeler, Loomis, mpaka wakapata ya kwao Mango Street.

Sasa nisikilizeni hapa. Wakiwa bado Loomis, gorofa ya tatu, mtawa mmoja wa shuleni kwake anapita, anamkuta anacheza nje. Anamuuliza: unakaa wapi? Mtoto anaonyesha juu. Mtawa naye ananyoosha kidole: pale? Basi mtoto analazimika kutazama kule kidole kinakoelekea. Anaona rangi inabanduka. Anaona mbao ambazo baba yake alizigongomea madirishani ili wanawe wasidondoke.

Dakika moja kabla ya hapo zile mbao zilikuwa mapenzi ya baba. Kidole kikapita, zikawa umaskini. Nyumba ni ileile, msumari haujasogea.

Wamehamia Mango Street, jambo linajirudia. Esperanza anataka kula chakula cha mchana kantini na wenzake badala ya kurudi nyumbani, anamsumbua mama siku tatu hadi anaandikiwa barua. Anafungiwa mkate wenye wali katikati, maana nyama hakuna. Mkuu wa shule, mtawa mwingine, hakubali kwamba anakaa mbali. Anamsimamisha juu ya boksi la vitabu, dirishani, aonyeshe kwao. Kisha mtawa mwenyewe anaelekeza kidole kwenye safu ya majengo mabovu kuliko yote: ile? Esperanza anaitikia ndiyo. Si kwao! Anajua si kwao. Anaitikia na kulia. Kantini anakwenda, anakula wali uliopoa huku watoto wanamwangalia.

Boksi la vitabu, wakuu. Amekanyaga vitabu ili aonyeshwe nyumba isiyo yake. Sijui kama mwandishi alikusudia, lakini mimi nililaza kitabu kaunta nikaenda kuchungulia nje.

Hoja yangu ni hii. Tumezoea kusema mtaa humlea mtoto. Kwa Esperanza naona mtaa ulikuwa umelala zake tu, hana habari nao, mpaka mtu wa nje alipokuja kumwonyesha anakaa wapi. Hapo ndipo alipoanza kuwa "mtu wa pale".

Na mimi nilimaliza sekondari nzima nikisema nakaa Sinza. Tandale na Sinza zinapakana, nikajiambia huo si uongo, ni hatua chache tu. Siku moja mwalimu wetu wa zamu akanipa lifti mvua inanyesha. "Nielekeze kwenu." Nikashukia kwenye geti jeusi la watu, nikasimama najifanya napekua ufunguo kwenye begi mpaka gari likakata kona. Mbwa wa mle ndani hakunyamaza hata sekunde moja.

Wajuzi wa riwaya karibuni. Mnaionaje?

#2 kapeto_la_jioni

Geti jeusi 😂😂 Mimi langu lilikuwa la kijani, Mikocheni kabisa, na mlinzi wake nilimzoea akawa ananisalimia kwa jina. Naweka kiti hapa.

#3 Jembe la Mkono

Dada BiTandale, umeandika vizuri ila mimi sikubali. Nilikisoma chuoni. Huyo mtoto anawaonea aibu wazazi wake, basi. Baba ni mtunza bustani za matajiri huko kilimani. Jumapili anataka kuwapeleka familia wakaangalie zile nyumba, binti anakataa kwenda. Kwa nini? Anaona haya kuwaona wote wamekodoa macho dirishani mwa gari kama wenye njaa. Hapo mtawa yuko wapi? Kidole cha nani kimemwonyesha?

Baba na mama wamejibana miaka yote hadi wakanunua nyumba. Haina mwenye nyumba wa kugonga dari kwa fagio, hawachangii ua na mtu. Kwetu mzee akifanya hivyo anachinjiwa mbuzi. Huyu ananuna eti ngazi ni nyembamba na mlango umevimba hadi usukumwe. Na mabinti wote wa riwaya za Kilatino za Marekani ni hivyohivyo: nyumba gereza, mama mkali, mtaa hatari, mimi nitakuwa mwandishi, kwaherini.

#4 Mwl. Mstaafu

Jembe, umepiga penye jiwe lakini jembe halijavunjika. Nimefundisha fasihi miaka 27, niruhusu nikujibu kwa kurasa zilezile.

Ni kweli anaona haya, na mwandishi hakumsitiri. Ila soma kipande hichohicho cha Jumapili hadi mwisho. Anasema akija kupata nyumba yake, hatasahau alikotoka. Wazururaji wakipita na kuomba kulala, atawapandisha darini, maana anajua hali ya kukosa nyumba. Wageni wake watakuwa wameota moto sebuleni, watasikia mbao zinalia juu. Panya? watauliza. Atajibu: wazururaji. Ataona raha kabisa. Mtoto anayewadharau watu wa kwao haoti ndoto ya namna hiyo. Hawapangii banda la uani. Anawaweka juu ya vichwa vya wageni wake.

Halafu jua kitabu kimetoka wapi. Cisneros alizaliwa Chicago 1954, binti pekee kati ya watoto saba, baba Mmeksiko, na familia ilikuwa ikienda na kurudi Mexico City. Akaenda kusomea uandishi Iowa, ile programu kubwa, akamaliza 1978. Siku moja darasani walikuwa wanajadili kitabu cha Mfaransa Gaston Bachelard, mwanafalsafa aliyeandika jinsi nyumba inavyokaa ndani ya fikra za mtu: dari, ghala la chini, pembe za kujifichia. Wenzake wote wanachangia, kila mmoja na dari la bibi yake. Yeye akabaki kimya. Dari lipi? Ghala gani? Kwao walipanga gorofa ya tatu. Alijisikia mgeni darasani, tena alikasirika. Ndipo akagundua kwamba hapo ndipo penye kitu ambacho wale wenzake hawakuweza kukiandika.

Kwa hiyo BiTandale, kidole chako kipo hata chuoni, ila safari hii hakikunyooshwa na mtu mbaya. Mwalimu mwema, kitabu kizuri, na bado binti akaonyeshwa alikotoka kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kukua bila dari.

#5 Kayole hadi Chicago

Hamjambo. Mimi niko Chicago mwaka wa kumi na moja sasa, nyumbani ni Kayole, Nairobi. Nimekuwa nikisoma tu kimyakimya lakini leo mmeniguza.

Hayo majengo mnayoyasoma niko ndani ya moja sasa hivi. Matofali, gorofa tatu, familia moja kila gorofa, ngazi za mbao kwa nyuma. Wakati wa baridi unasikia kila kitu cha jirani, hata akipiga chafya unamjibu. Kwetu tungeita ploti tu, ploti iliyosimama wima.

Jambo moja ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua: Paulina, Keeler na Loomis ni barabara za kweli, unaweza kwenda leo. Mango Street ndiyo ya kubuni. Kumbe nyumba za kupanga amezipa majina ya ukweli, na ile ya kununua, ile ya ndoto iliyotoka kombo, akaipa jina la tunda. Sijamsikia mtu akilitaja hilo, lakini mimi nilicheka peke yangu kwenye basi.

Familia yake ilinunua nyumba Humboldt Park, yeye akiwa na miaka 11 hivi. Huo ni mtaa wa Wapuertoriko. Ukipita Division Street leo utaona bendera mbili za Puerto Rico za chuma kitupu, zimeinama juu ya barabara yote, magari yanapita chini yake. Ziliwekwa 1995. Ukisoma kitabu utaona mchanganyiko huo: wao Wameksiko, jirani Louie na binamu yake Marin wametoka Puerto Rico, na Cathy, msichana wa Kizungu, anamwambia Esperanza atakuwa rafiki yake mpaka Jumanne tu, kwa sababu kwao wanahama, mtaa umeanza kuharibika. Anamwambia mtoto ambaye ndio kwanza amehamia! Yaani, wewe ndiye uharibifu wenyewe. Jembe, ulitaka kidole kingine, hicho hapo, na mwenye nacho ni mtoto mwenzake.

Kuna kipande kifupi sana kuhusu wageni wanaopotea njia wakaingia mtaani kwao wanatetemeka, wanadhani watachomwa visu. Watoto wanawacheka, maana wanamjua kila anayetisha: yule mwenye jicho la upande ni kaka wa fulani, huyu mrefu mwenye kofia ni wa Rosa. Halafu mistari michache ya mwisho, wao wenyewe wakipita kwa gari mtaa wa watu wa rangi nyingine, magoti yanagongana na vioo vinapandishwa. Hapo ndipo nilipomwamini huyu mwandishi.

Ila aliyenimaliza ni Mamacita. Yule mama mnene aliyeletwa kwa mumewe, gorofa ya tatu, hashuki. Anakaa dirishani anaimba nyimbo za kwao na kulilia nyumba yake ya waridi. Mume anapaka kuta rangi ya waridi, lakini si ileile. Kiingereza hataki. Halafu mtoto wake mchanga anaanza kuongea, na kitu cha kwanza anachotoa ni wimbo wa tangazo la Pepsi, kwa Kiingereza. Mama anamwambia mtoto: usiseme, usiseme, machozi yanatiririka.

Kijana wangu ana miaka sita. Juzi namwambia "lete kiatu", akaniletea, akanijibu kwa Kiingereza kwamba natamka vibaya jina la barabara yetu. Barabara yetu! Sikusema kitu. Nilimfunga kamba za viatu tukaenda.

#6 BiTandale

Kaka wa Kayole, pole. Hiyo ya barabara imenichoma.

Umenikumbusha jina lake. Esperanza. Anasema kwa Kiingereza jina hilo ni matumaini, lakini kwa Kihispania lina herufi nyingi mno, lina huzuni, lina kungoja. Nikamuuliza mteja mmoja Mhispania aliyelala kwetu, akaniambia kitenzi chao ni kimoja: kutumaini na kungoja ni neno lilelile. Sisi tungelazimika kumpa majina mawili. Tumaini na Subira! Na kila mwenye shangazi anaitwa Subira anajua majina hayo hayalingani uzito.

Tena jina amelirithi kwa mama wa bibi yake, mwanamke mkaidi kama farasi, hakutaka kuolewa, mpaka mume akamfunika gunia kichwani akambeba kama taa ya urembo. Maisha yake yote yaliyobaki alikaa dirishani, kiwiko kimebeba huzuni. Esperanza anasema jina nimelichukua, ila pale dirishani sitaki kukaa. Yuko radhi aitwe Zeze the X. Kwetu zeze lina uzi na upinde, nilifurahi peke yangu.

#7 mama_wawili

Mimi naona nyote mnazungumzia nyumba kwa nje. Mtawa ameiona kwa nje, Cathy kwa nje, hata huyo kaka na matofali yake. Ingieni ndani mhesabu madirisha.

Mwandishi ameanza mapema: nyumba ya Mango Street ina madirisha madogo kiasi kwamba ungedhani yamebana pumzi. Kisha kila mwanamke mtaani anawekwa kwenye lake. Mama wa bibi, dirishani. Mamacita, dirishani. Rafaela, kijana bado, mume anamfungia kwa ufunguo Jumanne akienda kucheza domino kwa sababu mke ni mzuri kupita kiasi, dirishani. Sally, yule mrembo anayepigwa na baba yake, anaolewa na muuza peremende kabla hajamaliza darasa la nane, wakavuka jimbo kuoana. Sasa ana foronya zake na sahani zake, lakini anaogopa kutoka bila ruhusa, na hata kuchungulia nje haruhusiwi. Anakaa anatazama maua ya zulia la plastiki. Yaani kuna hali iliyo chini hata ya kukaa dirishani!

Esperanza anapita kila siku chini ya hayo madirisha akienda dukani. Hahitaji kufundishwa. Ule mtaa ni kama orodha ya bei: ukiolewa hivi utakaa pale, ukiolewa vile utakaa kule. Anayefanya tofauti ni Alicia, mama amekufa, anaamka alfajiri kupika tortila za chakula cha wadogo zake, kisha treni mbili na basi moja kwenda chuo kikuu. Usiku anaona panya nyuma ya sinki, baba anamwambia hakuna panya, lala.

Aibu ya mtawa naikubali, BiTandale, lakini mtoto huyu hakukimbia kwa aibu. Aliona madirisha akafanya hesabu.

Na Jembe, si kweli kwamba zote ni moja. Soma The Poet X cha Elizabeth Acevedo, kilichotoka 2018 na kushinda National Book Award ya vitabu vya vijana mwaka huohuo. Xiomara ni binti wa Harlem, New York, mwenye asili ya Jamhuri ya Dominika, hadithi yote ni mashairi. Yeye hana shida na anwani. Kwake mtaa unaanzia kwenye ngazi za mbele, anapenda kukaa pale jioni za kiangazi, ila mwili wake umekua haraka na kila mwanamume anayepita ana la kusema. Nje anatazamwa mwili, ndani mama anamlinda huo mwili kwa dini. Siku anapoonekana akibusiana na mvulana kwenye treni, mama anampigisha magoti juu ya mchele mkavu mbele ya sanamu ya Bikira. Esperanza alikula wali wa baridi, huyu kapigia magoti mchele mbichi. Halafu mama anachoma daftari lake la mashairi. Hakuna nafasi yake nje wala ndani, hiyo ndiyo tofauti. Esperanza angalau alikuwa na mtaa wa kuandika habari zake. Xiomara kilichobaki ni mdomo wake, ndiyo maana anaishia jukwaani.

#8 Jembe la Mkono

Mama wawili umenibana kwenye kona. Hilo la madirisha sikuliona, na nilipata B ya somo hilo.

Lakini swali langu la mwisho halijajibiwa. Anaondoka au haondoki? Kuna wale akina mama watatu kwenye msiba wa mtoto mchanga wa jirani, wanamshika mkono, wanamwambia ataondoka, lakini lazima arudi kwa ajili ya wasioweza kutoka. Alicia naye anamwambia wewe ni Mango Street, utake usitake, na siku moja utarudi. Esperanza anajibu hatarudi mpaka mtu aje aurekebishe mtaa. Nani? Meya? Mwenyewe akacheka kwa sauti.

Basi Cisneros mwenyewe alirudi wapi? Ninavyojua sasa anaishi Meksiko.

#9 Mwl. Mstaafu

Alipitia San Antonio kwanza, Texas, na hapo pana kisa. Mwaka 1997 alipaka nyumba yake rangi ya zambarau, katika mtaa wa kihistoria unaolindwa wa King William. Wahusika wa urithi wa mji wakamwambia rangi hiyo si ya kihistoria. Utetezi wake ulikuwa: historia ya nani? Wameksiko wa pale hawakuachiwa kumbukumbu za makaratasi kuonyesha nyumba zao zilipakwa rangi gani, kwa hiyo leo wanaambiwa hawakuwa na rangi. Sakata likafika magazetini.

Kwa hiyo Jembe, kutoka mtaa wa Embe hadi nyumba ya Zambarau, na bado kuna mtu kasimama barabarani kaelekeza kidole. Safari hii mwenye nyumba alikuwa na kalamu.

#10 kapeto_la_jioni

Embe na zambarau 😂 Mwalimu umestaafu mapema.

#11 BiTandale

Mama wawili, nimekubali. Nilishikwa na kidole kwa sababu ya geti langu jeusi. Jana nilirudia kipande cha Rafaela kwa sababu yako.

Nilimsomea mama yangu, natafsiri mstari kwa mstari huku anachambua mchele. Tupo palepale Tandale, chumba kilekile, siku hizi sisemi tena Sinza. Nikamweleza: Jumanne mume kaenda kucheza, mke kafungiwa, watoto wanacheza chini. Anawatupia noti iliyokunjamana, anateremsha kamba ya kuanikia nguo, watoto wanamfungia mfuko wenye juisi ya nazi, siku nyingine ya papai, anavuta juu.

Mama hakushangaa mume wala ufunguo. Akaendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakitupa nje.

"Kila Jumanne?"

Kila Jumanne.

"Na kamba ni hiyohiyo ya nguo?"

Hiyohiyo.

"Nguo za kulowa za mume inazibeba haikatiki?"

Nikasema kitabu hakijasema, mama.

"Basi soma tena hapo pa kamba, polepole."

Nikasoma.